Joseph Williams Lovibond

Joseph Williams Lovibond (1833 – 1918) alikuwa mtengenezaji wa bia na mvumbuzi kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni tintomita, kifaa cha kupimia rangi kilichofaa kwa kazi ya kila siku viwandani. Kwa kifaa hicho rangi ya kitu ilipimwa kwa kukitazama tu, bila kukitia kemikali, kisha ikaandikwa kwa tarakimu. Jina lake limebaki katika digrii za Lovibond, ambazo hadi leo hutumika kutaja rangi ya kimea, bia, asali na mafuta ya kula.

Maisha ya awali

Lovibond alikuwa mtoto wa John Locke Lovibond, aliyemiliki kiwanda cha bia huko Greenwich, karibu na London. Hakuingia moja kwa moja katika biashara ya baba yake. Akiwa kijana alikwenda baharini, kisha akafika Australia wakati wa msako wa dhahabu. Inasimuliwa kwamba alipata fedha nyingi huko na kuzificha ndani ya kofia yake, lakini meli ilipong'oa nanga aliipunga kofia hiyo kuwaaga rafiki zake, na mali yote ikatumbukia bandarini. Alirudi Uingereza mikono mitupu, akajiunga na biashara ya familia.

Baadaye alihamia mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, akaendesha kiwanda chake mwenyewe cha bia. Aliheshimiwa mjini hapo na aliwahi kuwa meya.

Kutoka bia hadi rangi

Rangi ya bia hutokana hasa na kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha kukaushwa kwa moto. Kadiri moto unavyozidi ndivyo kimea kinavyokuwa cheusi, na ladha hubadilika pamoja na rangi. Lovibond aligundua kwamba bia yake iliyokuwa na ladha bora kabisa ilikuwa na rangi ya kaharabu yenye kung'aa kama dhahabu. Ladha ilipoharibika, rangi nayo ilielekea kwenye wekundu. Kwa hiyo mtu aliyeweza kuona mabadiliko madogo ya rangi angeweza kujua mapema kwamba mambo yanakwenda kombo.

Tatizo lilikuwa kumbukumbu. Jicho la mwanadamu ni hodari sana wa kulinganisha rangi mbili zilizo kando kwa kando, lakini ni dhaifu katika kukumbuka rangi iliyoonekana wiki iliyopita. Lovibond alihitaji kigezo kisichobadilika ambacho angeweza kukiweka kando ya kila pipa jipya.

Alianza na maji ya rangi ndani ya mirija ya kioo yenye upana sawa. Njia hiyo ilisaidia kidogo, lakini maji hayo yalibadilika rangi upesi na ilibidi yatengenezwe upya kila mara, bila uhakika kwamba mapya yanafanana na ya zamani. Kisha akajaribu vipande virefu vya kioo vilivyochongwa kama kabari, vyembamba upande mmoja na vinene upande mwingine. Hivyo navyo havikumridhisha, kwa sababu kioo cha rangi moja hakikulingana na bia ipasavyo.

Kwa mujibu wa masimulizi yanayotajwa mara nyingi, suluhisho lilimjia alipotazama vioo vya rangi katika madirisha ya Kanisa Kuu la Salisbury. Badala ya kutafuta kioo kimoja chenye rangi ya bia, alichukua vioo vya rangi tatu, yaani nyekundu, njano na buluu, akavipanga kimoja juu ya kingine mpaka mwanga unaopita ulingane na ule unaopita kwenye bia. Mwaka 1885 alianzisha kampuni ya Tintometer ili kutengeneza na kuuza kifaa hicho.

Jinsi tintomita inavyofanya kazi

Tintomita ya mwanzo ilikuwa kifaa sahili. Mtazamaji aliweka jicho kwenye mwisho mmoja wa mrija na kuona matundu mawili ya ukubwa sawa. Nyuma ya tundu moja palikuwa na chombo cha kioo chenye kimiminika kinachopimwa. Nyuma ya tundu la pili mtazamaji aliongeza au kupunguza vioo vya rangi mpaka pande zote mbili zionekane sawa. Vitu visivyopitisha mwanga vilipimwa kwa mwanga unaorudi kutoka usoni mwake, na upande wa pili paliwekwa uso mweupe.

Kila kioo kilikuwa na namba. Lovibond alizipanga namba hizo kwa kanuni mbili. Kwanza, vioo viwili vya rangi moja vilipaswa kuwa sawa na kioo kimoja chenye jumla ya namba zao. Pili, vioo vyekundu, vya njano na vya buluu vyenye namba sawa, vikipangwa pamoja, vilipaswa kutoa kijivu kisichoegemea rangi yoyote.

Kanuni ya pili ndiyo iliyoupa mfumo wake nguvu, kwani iliwezesha rangi kuelezwa kwa hesabu ya kutoa. Kwa mfano, tuseme kitu kimelingana na nyekundu 3, njano 10 na buluu 1. Moja kutoka kila rangi huungana kuwa kijivu, yaani giza la 1. Zinabaki nyekundu 2 na njano 9. Nyekundu 2 na njano 2 huwa rangi ya machungwa 2, na njano 7 hubaki peke yake. Mtu aliye mji mwingine, mwenye seti ya vioo ileile, angeweza kuipanga rangi hiyo upya bila kuwahi kuiona.

Mwanga nao ulimsumbua. Mwanga wa taa una unjano, na anga la miji ya viwanda lilichafuliwa na moshi wa makaa. Lovibond alichukua mwanga mweupe wa ukungu, mbali na miji, kuwa ndio mwanga wa kawaida wa kupimia.

Aliyaeleza mawazo yake katika vitabu vitatu, vilivyotoka miaka ya 1893, 1905 na 1915. Kifaa kilitoka haraka nje ya viwanda vya bia: katika miaka ya 1890 daktari Mwingereza George Oliver alitumia vioo vya Lovibond kukadiria himoglobini katika damu.

Mgogoro wa vioo vyekundu

Udhaifu wa mfumo huu ulikuwa kwamba kipimo chenyewe kilikuwa kioo. Hapakuwa na njia ya kukihakiki isipokuwa kwa kioo kingine kutoka kwa mtengenezaji yuleyule, na kwa macho ya watu.

Jambo hili lilileta matatizo makubwa zaidi nchini Marekani, katika biashara ya mafuta ya mbegu za pamba. Mafuta yalimiminwa katika chombo chenye urefu wa inchi 5¼, yakalinganishwa na kioo cha njano 35 pamoja na vioo vyekundu. Daraja la mafuta, na hivyo bei yake, lilitegemea namba ya wekundu. Mpaka wa daraja moja muhimu ulikuwa nyekundu 7.6. Muuzaji na mnunuzi wakiwa na vioo viwili vyenye namba ileile lakini visivyofanana, shehena ileile ingeweza kukubaliwa huku na kukataliwa kule.

Katika miaka ya 1920, baada ya Lovibond kufariki, Irwin Priest na Kasson Gibson wa ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani walivichunguza vioo hivyo. Walikuta kwamba vioo vyekundu vyenye namba sawa vilitofautiana, na kwamba namba hazikujumlika kama zilivyopaswa. Hawakuutupa mfumo. Waliweka skeli iliyosahihishwa, na vioo vikapimwa kimoja kimoja na kupewa thamani mpya.

Baada ya Lovibond

Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza (CIE) ilipitisha mfumo wa kueleza rangi unaotegemea uwezo wa kuona wa mtazamaji wa wastani, usiohitaji kioo cha kampuni yoyote. Mwaka 1939 R. K. Schofield wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted alionyesha jinsi tintomita inavyoweza kurekebishwa ili itoe majibu katika mfumo huo.

Baadaye spektrofotomita zilichukua nafasi ya jicho katika kazi nyingi. Wataalamu wa bia nchini Marekani hupima kiasi cha mwanga wa nanomita 430 kinachofyonzwa na bia, lakini namba inayopatikana huzidishwa ili ikaribiane na skeli ya Lovibond waliyoizoea watengenezaji. Kimea bado huuzwa kwa digrii zake: chepesi cha bia ya njano huwa na digrii 2 hivi, na kilichochomwa sana kwa bia nyeusi hufikia 500 au zaidi.

Kwa mafuta ya kula, yakiwemo ya mawese, kipimo cha Lovibond kimeandikwa katika kiwango cha kimataifa ISO 15305. Vifaa vya kisasa husoma mwanga vyenyewe na kukokotoa nyekundu na njano bila mtu kupanga vioo. Kampuni ya Tintometer ipo Amesbury, karibu na Salisbury, na hutumia jina Lovibond kwa vifaa vyake, vikiwemo vile vya kupima klorini katika maji ya kunywa na mabwawa ya kuogelea.