Leland Clark: Alimzamisha panya, panya akaendelea kupumua

Ukitobolewa kidole pale hospitali ya Isingiro, Kyerwa, ili upimwe sukari, ile mashine ndogo imetokana na wazo la Mmarekani ambaye wengi hawamjui kwa jina: Leland Clark.

Alizaliwa Rochester, New York, mwaka 1918. Alikuwa mtaalamu wa biokemia. Alitengeneza mashine ya kuongeza oksijeni kwenye damu, lakini jarida la kitaalamu likakataa makala yake, kisa hakuwa na njia ya kupima hiyo oksijeni ndani ya damu. Akarudi maabara, akatengeneza kipimo chenyewe. Mwaka 1956 kikatangazwa, na wapasuaji wa moyo wakakipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1962 akakiboresha kisome na sukari.

Kali yao ikaja 1966. Yeye na mwenzake Frank Gollan walizamisha panya kwenye kimiminika kiitwacho perofluorokaboni, ambacho hubeba oksijeni nyingi kuliko maji, tena kwa mbali. Panya wakakivuta mpaka mapafuni, na walipotolewa walikuwa hai. Shida ilibaki kwenye kutoa hewa chafu, maana kimiminika ni kizito kusukuma.

Hata hivyo madaktari waliona tumaini kwa watoto njiti. Mapafu yao hayajakomaa, vifuko vya hewa hunywea na kushikana, na mashine ya kupumulia ikisukuma hewa kwa nguvu huweza kuviumiza. Kimiminika kingevifungua taratibu.

Mwaka 1989, Philadelphia, njiti watatu waliokuwa mahututi walijaribiwa. Mapafu yao yalipata nafuu, lakini wote wakafariki baadaye. Mwaka 1996 ikatoka ripoti ya wengine 13 walioshindikana kwa tiba ya kawaida, na 8 kati yao walikuwa bado hai walipofikisha umri sawa na wiki 36 za ujauzito. Kwa watoto ambao tayari walikuwa wamekatiwa tamaa, hiyo si haba.

Clark alifariki Cincinnati Septemba 2005, akiwa na miaka 86, kabla ya kuona majibu makubwa. Yalichapishwa mwaka uliofuata: wagonjwa 311, wote watu wazima. Vifo havikupungua, na waliopewa kimiminika walipata madhara zaidi. Tiba ikaishia hapo, haikufika wodini. Mpaka leo njiti anasaidiwa kwa hewa na oksijeni, iwe Cincinnati au Isingiro.