Maud Menten: Daktari aliyevuka mipaka kupima kasi ya vimeng'enya

Maud Leonora Menten alizaliwa mwaka 1879 katika mji mdogo wa Port Lambton, jimbo la Ontario, Kanada. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Toronto, na mwaka 1911 akapata shahada ya juu ya tiba, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kanada kufika hapo. Hata hivyo, wakati huo nafasi za utafiti nchini mwake hazikuwa za wanawake. Alifanya kama afanyavyo mfanyabiashara ambaye soko la kwao limefungwa: akavuka mpaka.

Mwaka 1912 alipanda meli hadi Berlin, Ujerumani, kufanya kazi na Leonor Michaelis, aliyekuwa na maabara ndogo hospitalini. Walichunguza kimeng'enya kitokacho kwenye hamira, kinachoigawa sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi mwilini bila yenyewe kwisha.

Waliona kwamba sukari ikiongezwa, kasi ya kazi hupanda, kisha hufika kikomo. Ni kama kituo cha forodha chenye madirisha manne. Malori yakiwa machache, kila linalofika huhudumiwa papo hapo. Yakijaa, madirisha yote yana kazi, na lori la ziada hurefusha foleni tu. Mwaka 1913 walichapisha mlinganyo wa jambo hilo. Ndani yake mna namba inayoonyesha kiasi cha sukari kinachofikisha kasi nusu ya kikomo. Namba ikiwa ndogo, kimeng'enya hicho hufika nusu ya kikomo hata sukari ikiwa kidogo.

Walipima pia vizuizi. Glukosi na fruktosi zikirundikana, hukalia nafasi ya sukari, mithili ya mtu asiye na mzigo aliyesimama dirishani. Kizuizi cha namna hiyo hushindwa sukari ikiongezwa kwa wingi. Kuna kizuizi kingine ambacho hulifunga dirisha lenyewe. Hapo wingi wa malori hausaidii kitu.

Elimu hiyo imo katika bidhaa zinazovuka mipaka kila siku. Dawa nyingi za kushusha kolesteroli hushindania nafasi kwenye kimeng'enya cha ini. Aspirini hufunga kimeng'enya kinachochochea maumivu. Baadhi ya sumu za wadudu hufunga kimeng'enya cha neva, cha mdudu na cha binadamu pia, ndiyo maana chupa yake haifai kufunguliwa wala kupimiwa mikono mitupu.

Menten alirudi Marekani, akapata shahada ya uzamivu Chicago mwaka 1916, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Pittsburgh tangu 1923. Mwaka 1944 yeye na wenzake walitenganisha aina za hemoglobini kwa umeme. Pamoja na kazi zote hizo, uprofesa kamili aliupata akikaribia miaka 70, muda mfupi kabla ya kustaafu mwaka 1950.

Alirudi Kanada, akaendelea na utafiti wa saratani hadi afya ilipomzuia. Alifariki mwaka 1960. Ile namba ya mwaka 1913 huitwa kwa jina la Michaelis peke yake, lakini mlinganyo wenyewe una majina yao mawili, na mwanafunzi wa famasia hujifunza yote mawili.