Lise Meitner: Mkimbizi wa Stockholm na elektroni za mwaka 1922

Mwanafizikia Lise Meitner aliwasili Sweden mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 59, baada ya kutoroka Ujerumani ya Wanazi kwa treni kupitia Uholanzi, bila pasipoti halali.

Mzaliwa huyo wa Vienna, mwenye asili ya Kiyahudi, alikuwa amefanya utafiti mjini Berlin kwa miaka 30.

Huko ndiko alikoeleza, mwaka 1922, tabia ya ajabu ya atomu. Elektroni ya tabaka la ndani inapong'olewa, nyingine hushuka kutoka tabaka la nje kujaza pengo. Nishati inayopatikana kwa kushuka huko si lazima itoke kama mwale wa eksirei. Huweza kuifukuza elektroni ya tatu nje ya atomu.

Mwaka uliofuata Mfaransa Pierre Auger alifikia matokeo hayo kwa utafiti wake mwenyewe. Hakuiba kitu, lakini jina lililodumu ni lake.

Ugunduzi huo haukubaki vitabuni. Leo wanaotengeneza chembe za metali na tabaka za oksidi zenye unene wa nanomita chache, yaani sehemu chache za bilioni ya mita, hupima nishati ya elektroni hizo ili kutambua elementi zilizo juu kabisa ya uso. Zile zitokazo ndani zaidi hupoteza nishati njiani.

Mjini Stockholm, Meitner alipokewa katika taasisi ya Manne Siegbahn, bingwa wa eksirei na mshindi wa Nobel. Alipata mahali pa kukaa, lakini si wasaidizi wala vifaa vya kutosha. Kwa mtu aliyeishi kwa kupima, huo ulikuwa uhamisho wa pili.

Hata hivyo, Krismasi ya mwaka huo, akiwa Kungälv na mpwa wake Otto Frisch, alieleza kwa hesabu jinsi kiini cha urani kinavyopasuka.

Mwaka 1945 Chuo cha Sayansi cha Stockholm kilimtunuku mwenzake wa Berlin, Otto Hahn, peke yake, Nobel ya Kemia ya mwaka 1944 kwa ugunduzi huo.

Meitner alipata uraia wa Sweden mwaka 1949, akahamia Cambridge, Uingereza, mwaka 1960, na kufariki huko mwaka 1968. Baadhi ya wanasayansi sasa huziita elektroni hizo kwa majina yote mawili, Auger na Meitner.