Mwenye Heri Irene Stefani, Nyaatha: Binti Aliyesubiri

Katika jubilei hii ya kwaya yetu tumeona vyema kutenga ukurasa mmoja kwa ajili ya wasichana wetu, hasa wale wanaojiuliza kimyakimya kama Mungu anawaita utawani na bado hawajamwambia mtu. Watu wa huku kwetu wanalijua jina la Nyaatha. Wengi wanajua jinsi alivyokufa. Namna alivyofika huku haisimuliwi sana, na hiyo ndiyo sehemu itakayomfaa binti wa miaka 17 au 18.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 huko Anfo, kijiji cha milimani katika Jimbo la Brescia, Italia. Baba yake alikuwa Giovanni Stefani na mama yake Annunziata Massari. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto 12, na nyumbani walimwita Mercede. Akiwa na umri wa miaka 13 aliwaambia wazazi wake kwamba anataka kuwa mmisionari. Mtoto wa miaka 13 husema mengi, na mzazi mwenye busara hungoja aone kama neno hilo litadumu.

Kabla neno hilo halijaiva, mama yake akafariki mwaka 1907. Mercede alikuwa bado binti mdogo. Nyumba ilikuwa na wadogo wa kulisha, kufulia na kufundisha sala, akabaki kumsaidia baba yake. Hapa ndipo wengi wetu tungesema wito umekwisha, au tungemwambia kwamba Mungu ameshaonyesha mapenzi yake kwa kumpa ndugu wa kulea. Yeye hakutoroka nyumbani, wala hakuiacha nia yake. Aliwalea wadogo zake, akafundisha watoto katekisimu parokiani, akatembelea maskini na wagonjwa wa kijijini. Ukiitazama kazi aliyokuja kuifanya baadaye Gikondi, utaona ni hiyohiyo. Miaka ile ya kungoja ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza.

Aliondoka Anfo mwezi Juni 1911, akiwa na miaka 19, akaenda Torino kwa Masista Wamisionari wa Konsolata. Shirika hilo lilikuwa changa kabisa. Padre Giuseppe Allamano, ambaye leo ni Mtakatifu, alikuwa amelianzisha Januari 1910 tu. Kwa hiyo Mercede hakuingia nyumba yenye masista wazee wa kumwonyesha njia iliyozoeleka. Aliingia mahali ambapo karibu kila kitu kilikuwa kinaanza. Mwaka 1912 alivaa vazi la kitawa na kupewa jina la Irene, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni amani. Tarehe 29 Januari 1914 aliweka nadhiri zake. Mwisho wa Desemba mwaka huohuo alipanda meli, na Januari 1915 akashuka Mombasa akiwa na miaka 23.

Alikuja na jina la amani, akakuta Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana Afrika Mashariki, na mizigo ya majeshi ilibebwa na Waafrika waliochukuliwa vijijini, wengi wao kwa nguvu. Hao ndio watu wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki hadi leo katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sista Irene alitumwa kuwahudumia katika hospitali zao: Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Aliosha vidonda, alilisha waliolala chini, na aliwafundisha na kuwabatiza waliotaka kufa Wakristo. Wapo mabinti wanaodhani utawa ni kukimbilia mahali pa utulivu. Basi na watafakari hospitali zile.

Mwaka 1920 alipelekwa misioni ya Gikondi, Mukurwe-ini, ng'ambo ya mito kutoka kwetu Kirinyaga. Huko alikaa miaka 10. Alifundisha shuleni, akapanda na kushuka vilima vya Ugikuyu kwa miguu akitafuta wagonjwa, akina mama waliokaribia kujifungua na watoto wasiofika darasani. Kuna kazi yake moja ambayo mimi huipenda kuliko zote. Vijana walikuwa wameanza kuondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na mama zao hawakujua kusoma wala kuandika. Sista Irene alikaa chini akawaandikia barua, na majibu yalipokuja akawasomea. Watu wakampa jina la Nyaatha, mama mwenye huruma. Jina hilo halikutoka Torino wala kwa Askofu. Lilitoka kwa wanyeji wenyewe, na wanyeji wetu hawagawi majina ya namna hiyo ovyo.

Mwaka 1930 aliomba ruhusa ya kuyatoa maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya misioni. Muda si mrefu mwalimu mmoja wa pale alishikwa na tauni. Mwalimu huyo alikuwa amempinga na kumsumbua hapo awali. Sista Irene alikwenda kumuuguza hata hivyo, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na miaka 39.

Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, makatekista na watu wengi wakiwemo watoto walijikuta wamefungiwa kanisani Nipepe bila maji. Walimwomba Sista Irene awaombee, na maji kidogo yaliyokuwa katika kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Kanisa liliukubali muujiza huo, na tarehe 23 Mei 2015 Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, alimtangaza Mwenye Heri pale Nyeri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika nchi yetu.

Masalia yake yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Nyeri. Kutoka hapa Kutus unapitia Kerugoya na Karatina, na ukiamka mapema unarudi siku hiyohiyo kabla ya mazoezi ya jioni.