Jean Prouvé: mhunzi aliyekunja bati likawa kiti

Kiti cha nyumbani mara nyingi huanza kulegea nyuma. Mtu akikaa na kuegemea, uzito wake mwingi huangukia pale miguu ya nyuma inapoungana na kikalio. Mwaka 1934 mhunzi wa Ufaransa, Jean Prouvé, alibuni kiti kwa kuanzia hapo hapo.

Prouvé alizaliwa Paris mwaka 1901, akakulia Nancy, mji wa mashariki mwa Ufaransa. Alitamani uhandisi, lakini vita vilikuwa vimeanza na nyumbani fedha hazikutosha, ingawa baba yake, Victor, alikuwa msanii mwenye jina. Kijana akapelekwa kwa mhunzi kujifunza kazi. Mwaka 1924 alifungua karakana yake Nancy. Alianza na mageti ya kufua kwa nyundo, kisha akahamia kwenye bati bapa la chuma.

Msikilizaji, inua bati bapa kwa upande mmoja uone linavyolegea. Likunje kingo zake, bati lile lile linakakamaa. Migongo ya bati la nyumba yako inafanya kazi hiyo hiyo, na mafundi wetu wa masanduku na majiko wanaijua vizuri.

Kwenye kiti chake, miguu ya mbele aliifanya ya bomba jembamba, kwa sababu haibebi mzigo mkubwa. Ya nyuma aliikunja kwa bati, ikawa na uwazi ndani, mipana pale kwenye kikalio na myembamba kuelekea chini na juu. Kikalio na egemeo vilikuwa vya plaiwudi. Ukikitazama kwa ubavu unaona wapi kuna mzigo na wapi hakuna. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake, maana hakina pambo hata moja.

Vita vya pili vilipokuja, chuma kikaadimika. Akatengeneza kiti hicho kwa mbao, na karakana ikaishi kwa kutengeneza baiskeli na majiko. Alishiriki harakati za siri dhidi ya Wajerumani, na Nancy ilipokombolewa mwaka 1944 akawa meya kwa muda mfupi.

Mwaka 1947 alijenga kiwanda kikubwa zaidi Maxéville, jirani na Nancy. Kutoka huko, nyumba zake za chuma zilizokunjwa zilifika Niamey mwaka 1949 na Brazzaville mwaka 1951. Lakini upanuzi ulihitaji mitaji ya watu wengine, na wenye hisa wakataka kuamua wao. Mwaka 1953 aliondoka kwenye kiwanda alichokijenga mwenyewe, akiwa na miaka 52. Mwaka uliofuata alijenga nyumba ya familia yake kwenye mteremko mkali Nancy, kwa kutumia mabaki ya kiwanda hicho hicho.

Baadaye alifundisha Paris kwa miaka mingi, yeye ambaye hakuwa na shahada. Alifariki Nancy mwaka 1984. Kiti chake bado kinatengenezwa, na vile vya zamani, vilivyokusudiwa shule na ofisi, sasa hugombaniwa minadani na matajiri.