Robert Benoist, bingwa wa Delage aliyeuawa na Wanazi

Mwaka 1927 hakuna dereva Ulaya aliyemweza Mfaransa Robert Benoist. Alishinda mashindano makuu manne mfululizo, Ufaransa, Hispania, Italia na Uingereza, yote akiendesha gari la Delage.

Benoist alizaliwa mwaka 1895 karibu na Rambouillet, na katika Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa rubani wa ndege za kivita. Mwaka 1925 yeye na Albert Divo walishinda huko Montlhéry, siku ambayo Mwitalia Antonio Ascari alikufa mashindanoni. Mashada ya ushindi yalipelekwa mahali Ascari alipoangukia.

Gari lililompa sifa lilikuwa na injini ndogo ya lita 1.5 yenye silinda 8. Mwaka 1926 liliwatesa madereva: bomba la moshi lilipita karibu nao na kuwaunguza miguu. Fundi Albert Lory alilihamishia upande wa pili, na hapo ndipo likawa halishikiki. Lakini gharama zilikuwa zimemlemea Louis Delage. Aliacha mashindano, bingwa wake akabaki bila gari.

Magari yenyewe yaliuzwa. Mwingereza Earl Howe alikuwa nayo mawili, moja likavunjika Monza mwaka 1932. Lililobaki lilinunuliwa na kijana Richard Seaman, na mwaka 1936, likiwa limezeeka, liliyashinda magari mapya kabisa. Kisha likaingia mikononi mwa Chula, mjukuu wa mfalme wa Siam.

Benoist naye alirudi kileleni: mwaka 1937 alishinda saa 24 za Le Mans kwa Bugatti pamoja na Jean-Pierre Wimille.

Wajerumani walipoikalia Ufaransa, alijiunga na kazi za siri za Waingereza, pamoja na dereva mwenzake William Grover-Williams. Agosti 1943 Grover-Williams alikamatwa. Benoist naye alitiwa mbaroni, ila aliruka kutoka katika gari la Gestapo likiwa linakwenda Paris, akafika Uingereza. Angeweza kukaa huko. Alirudi Ufaransa, akakamatwa tena Juni 1944, na Septemba mwaka huo aliuawa katika kambi ya Buchenwald.

Tarehe 9 Septemba 1945 mashindano ya magari yalirudi Paris, katika msitu wa Boulogne. Mbio za kwanza za siku hiyo zilipewa jina lake.