Ibn al-Haytham na maji ya mto Nile

Wanafunzi wa fizikia humtaja Ibn al-Haytham kila wanaposoma habari za mwanga. Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu humtaja mara chache mno, na mimi naona hilo si sawa. Jina lake kamili ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, yaani 965 Miladia, na tayari alikuwa na sifa ya hesabu na uhandisi kabla hajaondoka kwao.

Kilichoniongoza kwake ni maneno yaliyosemwa msikitini. Tunaopanga vyumba Namatala tunajua likizo ya Juni na Julai ilivyo: wengi wamekwenda kwao, wamebaki wale wa hisabati na uhandisi ambao hulazimika kumaliza milinganyo ya difereshali kwa wiki chache, asubuhi mihadhara, jioni mazoezi, usiku tochi ya simu umeme ukikatika. Ninayekaa naye chumba kimoja ni mmoja wao. Usiku mmoja baada ya Isha ndugu mmoja alimwambia kwamba saa hizo zote ni za dunia tupu, na kwamba kwa muda huo angeweza kuhifadhi juzuu nzima. Mwenzangu hakujibu, akarudi chumbani kwenye daftari lake. Nami nikawa na jibu, ila ni refu, na hili ndilo.

Kisa cha Misri kimepokewa na Ibn al-Qifti, aliyeandika karibu miaka mia mbili baada ya Ibn al-Haytham kufa. Tuliosoma mustalah tutauliza isnadi yake, na ni haki yetu. Nakieleza kama alivyokipokea.

Misri ya wakati ule ilitawaliwa na khalifa wa Kifatimi, al-Hakim. Uhai wa nchi ulitegemea gharika ya Nile ya kila mwaka. Maji yakipungua, njaa. Yakizidi, mashamba na nyumba huchukuliwa. Khalifa akasikia kwamba kuna mtu Basra anayesema kuwa, lau angekuwa Misri, angefanya jambo katika mto huo ili ufae watu katika kujaa kwake na kupungua kwake. Akamtumia mali, akamwita, na alipokaribia Cairo akatoka mwenyewe kumlaki nje ya mji. Kisha akampa mafundi na vibarua, wakapanda na mto kuelekea kusini.

Njiani Ibn al-Haytham aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, mawe yaliyochongwa na kupangwa kwa vipimo vya ajabu. Moyo ukaanza kusita. Watu wenye elimu kama hii, waliokaa kando ya mto huu maelfu ya miaka, kama kazi hiyo ingewezekana si wangeifanya? Hata hivyo aliendelea mpaka mahali paitwapo al-Janadil, maporomoko yaliyo kusini ya Aswan. Akapima, akatazama kingo zote mbili, akaona haiwezekani kwa zana alizokuwa nazo. Akarudi Cairo kumwambia mtawala.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kuliko hata kwenye vitabu vyake. Al-Hakim alijulikana kwa kuwaua mawaziri na maofisa wake, mara nyingine kwa sababu ndogo. Kwenda mbele ya mtu kama huyo, baada ya kula mali yake na kutembea na vibarua wake, na kusema kwamba kazi haiwezekani, si jambo jepesi. Angeweza kujenga ukuta wa kudanganyia na kutoroka kabla ya gharika. Hakufanya hivyo.

Wanaosema alishindwa waje Jinja. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na lile Bwawa Kuu la Aswan, kusini kidogo ya maporomoko yale yale, lilikamilika mwaka 1970, baada ya miaka zaidi ya mia tisa, kwa saruji, chuma na mitambo. Wazo lake lilikuwa sahihi, zana ndizo zilizokuwa hazijazaliwa. Isitoshe, gharika aliyotaka kuidhibiti chanzo chake kikubwa ni mvua za milima ya Ethiopia. Maji yetu sisi, ya Ziwa Victoria, hushuka kwa kiasi kisichobadilika sana mwaka mzima. Hata Mto Namatala huu, uliofurika Julai 2022 pamoja na Nabuyonga na kuua watu hapa Mbale, maji yake hupita kwenye mashamba ya mpunga, yakaingia Kyoga, na kutoka Kyoga ni Nile.

Mwenzangu alinieleza mlinganyo wa difereshali kwa mfano wa tangi. Mlinganyo wa kawaida hukuuliza namba. Huu hukupa mwendo wa mabadiliko, maji yanaingia kwa kasi hii na kutoka kwa kasi ile, kisha hukutaka useme tangi litakuwa na kiasi gani saa yoyote utakayoulizwa. Ugumu huja pale kasi ya kutoka inapotegemea kimo cha maji yenyewe. Nikamwambia hilo ni Ziwa Victoria. Bwawa la Jinja lilipojengwa, Misri na Uganda ya wakati wa Mwingereza zilikubaliana mchoro unaoonyesha, kwa kila kimo cha ziwa, maji kiasi gani yaachwe yaende, ili mto utoke kama ulivyokuwa ukitoka kabla ya ukuta. Swali la al-Hakim, basi, lilikuja kujibiwa kwa hesabu za namna hii.

Turudi Cairo. Khalifa hakumwua; alimpa kazi katika diwani, naye akaipokea kwa hofu. Kisha akaona kukaa karibu na mtawala yule ni hatari, akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikatiwa mikononi mwa msimamizi, naye akafungiwa nyumbani kwake, mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria, yaani 1021. Ndipo akili zikamrudia mara moja! Kuhusu hukumu ya hila hiyo nawaachia wenzangu wa fiqhi.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, kina sehemu saba. Wataalamu wakubwa wa Kiyunani walishikilia kwamba jicho hutoa miale iendayo kugusa vitu. Yeye akathibitisha kwamba mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni, akitumia vyumba vya giza vyenye tundu dogo na kurudia majaribio. Aliandika pia risala ya kutafuta kibla kwa hesabu. Sisi wa Mbale tunaoelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki tunatumia elimu ya watu kama yeye kila siku mara tano.

Katika hisabati alichukua parabola, akaizungusha juu ya kitako chake, akauliza umbo hilo lina ujazo gani. Akalikata vipande vyembamba kama chapati, akahesabu kwa juu na kwa chini, mpaka tofauti ikawa ndogo kuliko kiasi chochote utakachotaja. Kwa kazi hiyo alihitaji jumla ya namba zilizopandishwa kwenye kipeo cha nne, na akapata njia ya kuijumlisha. Jibu: 8/15 ya silinda inayolizunguka umbo hilo. Milinganyo ya difereshali hakuijua, ilikuja na Newton na Leibniz zaidi ya miaka mia sita baadaye, lakini ukataji huo wa vipande ndio mwenzangu anaoufanya usiku akitafuta integrali.

Baada ya kuwa huru alihamia kwenye kuba moja mlangoni mwa msikiti wa al-Azhar. Hakutafuta cheo tena. Kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu na falaki, akauza kwa dinari 150 bila kupatana bei, na hizo ndizo zilizomlisha mwaka mzima. Alifariki Cairo karibu mwaka 430 Hijria, 1040 Miladia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miongoni mwa vitabu alivyonakili ni Almagest ya Ptolemy, Ptolemy yule yule aliyemwandikia kitabu kizima cha kuonyesha mahali alipokosea.